Nduru Katikati ya Chai

Kitu cha kwanza nilichoona ni manyoya. Vijana wa filamu walikuwa wameshusha masanduku yao kando ya barabara, vyuma, nyaya na miavuli, lakini macho yangu yalienda kwa kifaa kimoja cha kunasa sauti, kirefu kama mchi, kilichovishwa manyoya ya kijivu kama paka aliyenyeshewa. Nilitaka kuuliza manyoya ni ya nini. Sikuuliza. Kijana aliyekishika, Calvince, aliniona nikitazama.

"Ni koti lake, dada," akasema. "Upepo ukimpiga bila koti, analia."

Akakisogeza karibu na mikono yangu, akaniomba nichume chai kidogo. Nikachuma. Akafunga macho, akasikiliza na vile vya masikioni.

"Haki, chai yenu inavunjika kama biskuti," akasema.

Walikuwa wamekuja shambani kwetu, juu kidogo ya Roret, kupiga mwanzo wa filamu ya kutisha. Shamba ni la nyanya yangu, ambaye sisi humwita Cucu. Babu yangu Kimotho alilinunua zamani alipotoka Nyeri, na majirani zetu karibu wote ni Wakipsigis. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Tangu hapo ninaishi na Cucu, na kazi yangu ni chai.

Mwenye filamu aliitwa Duke. Alikulia Sotik, akasomea mambo ya filamu Nairobi. Siku aliyokuja kuomba ruhusa, alimwambia Cucu kwamba anataka ukungu wetu wa asubuhi, kwa sababu Nairobi ukungu wa filamu hutoka kwenye mashine na unanuka mafuta. Cucu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pigeni picha mnavyotaka," akasema. "Lakini nduru isipigwe katika shamba langu."

Duke akacheka, akidhani ni mzaha. "Cucu, hii ni filamu ya kutisha. Mtu akiona maiti lazima apige nduru."

"Basi maiti ikaonekane kwa mtu mwingine."

Huku kwetu nduru si kelele tu. Ukisikia nduru unaacha unachofanya, unabeba kilicho mkononi na kukimbia ilikotoka, na ukiwa njiani nawe unapiga ili walio mbali wasikie. Katika jambo hilo sisi Wakikuyu na majirani zetu Wakipsigis hatuna tofauti. Lakini mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, mimi nikiwa mdogo sana, watu wasiojulikana walikuja usiku wakachoma nyumba yetu. Cucu na Babu walipiga nduru mpaka sauti zikaisha. Hakuna aliyekuja.

Baadaye walirudi, wakajenga tena. Wakasalimiana na majirani, wakapelekeana maziwa na mbegu, wakazikana na kuozeshana. Hakuna aliyeitaja siku ile. Ila Cucu, hata baada ya Babu kufariki, hakumwita mtu tena. Nyoka akiingia jikoni, alimuua mwenyewe. Mwaka juzi alianguka huko chini kwenye napia, nyasi za ng'ombe, akaumia mguu vibaya, akatambaa mpaka nyumbani, na kwa jirani yetu Mama Rebeccah ni ng'ambo tu ya ua. Nilipomuuliza mbona hakuita, aliniangalia kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto.

"Na wasipokuja?" akasema.

Mjomba wangu Wachira anaishi Nakuru. Alikuwa amemjengea Cucu chumba, na alitaka shamba liuzwe. Kila alipopiga simu alirudia neno moja: "Mama, huwezi kuzeekea mahali ambapo ukiita hakuna anayekuja." Mimi sikutaka kuhama hata kidogo. Jumapili iliyokuwa inakuja, Mjomba angeleta lori. Cucu alikuwa ameanza kukunja blanketi.

Kwa hiyo Duke alipokubali sharti lake, mimi nilifurahi kwa sababu ndogo tu: wiki yetu ya mwisho pale ingekuwa na kitu cha kuangalia. Duke alisema nduru ingepigwa Nairobi, ndani ya chumba, na mtu mwingine kabisa, kisha ibandikwe juu ya picha.

"Inawezekana?" Cucu akauliza.

"Cucu, kwa filamu hata mvua inabandikwa."

Mwigizaji alikuwa Janeffer, msichana mrefu kutoka upande wa Bomet. Alikuwa na kucha ndefu za bandia, nyekundu, zilizogandishwa kwa gundi, na hakuweza kuchuma hata jani moja bila kulirarua. Akeyo, dada wa kamera, alitazama kwenye kioo chake akatikisa kichwa.

"Duke, hizi kucha hazijawahi kuona shamba."

"Uliniambia nije nikiwa mrembo," Janeffer akasema.

"Urembo wa uso. Mikono tutaazima."

Ndivyo mikono yangu ilivyoingia kwenye filamu. Duke aliniketisha juu ya sanduku, akanieleza kila kitu, polepole, maana niliitikia kwa kichwa tu na hakuwa na hakika kama nasikia. Sauti yangu ni ndogo. Hata dukani Roret, mwenye duka huinama juu ya meza ninapotaja ninachotaka.

"Uso hatuuonyeshi kwanza," Duke akasema. "Tukianza na uso, mtazamaji atasema, huyo ni fulani, si mimi. Tukianza na mikono, kila mtu ana mikono. Ataingia ndani ya hiyo mikono. Halafu muziki hakuna. Ni chai tu ikivunjika, tap, tap, tap. Ukisikia kitu kimoja kwa muda mrefu, unaanza kungoja kikatike."

Akanipeleka kuona kamera ilipo. Akeyo alikuwa amelala kifudifudi chini ya michai, pale kwenye mashina yasiyo na majani, koti lake limelowa umande. Kutoka chini pale shamba langu halikuwa shamba langu. Lilikuwa nguzo nyingi nyeusi na giza katikati yake.

"Hapa ni kama kuna mtu amejificha anakutazama," Akeyo akasema. "Hatusemi ni nani. Kamera ikitulia hapa bila kukatwa, mtazamaji mwenyewe atauliza, kwani hayo ni macho ya nani?"

"Na sasa angalia," Duke akasema. Katikati ya mashina kulikuwa na gambuti moja, kiatu kirefu cha mpira, imesimama peke yake. "Wewe huko juu unachuma unakuja. Huioni. Mtazamaji anaiona. Atataka kukuambia, we dada, usiende huko! Lakini hana jinsi ya kukuambia. Hiyo ndiyo hofu. Si damu. Ni kujua na kushindwa kusema."

Hiyo niliielewa haraka kuliko yale mengine yote.

Kazi yangu ilikuwa kuchuma nikisogea, kisha kutenganisha matawi, kuona gambuti, na mikono isimame. Basi. Halafu niiondoe polepole.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito vizuri. Tulirudia mara kadhaa na kila mara Duke alisema mikono yangu inajua mno. Inasimama kabla haijaona. Kisha wakanituma nyumbani nikanywe chai. Niliporudi, Akeyo alikuwa amelala mahali pake, Calvince amenyoosha paka wake wa kunasa sauti, na Duke akaninong'oneza, "Ya mwisho. Sahau sisi tuko."

Nikachuma. Majani mawili na chipukizi, nikitupa kikapuni bila kuangalia. Nilifika kwenye ule mchai, nikatenganisha matawi. Gambuti ilikuwa imelala, na ndani yake kulikuwa na mguu. Nikafuata mguu kwa macho. Kulikuwa na mtu chali kati ya mashina, uso na kifua vimejaa wekundu, macho yametoka.

Nikapiga nduru.

Labda nilidhani itatoka ndogo kama sauti yangu nyingine. Haikutoka ndogo. Calvince alivua vile vya masikioni akavitupa. Nikapiga ya pili, na ya tatu, na nyingine, mpaka Duke akaja mbio akipunga mikono, "Basi, basi, dada, inatosha!" Sikuacha.

Jibu lilitoka ng'ambo ya bonde. Sauti ya mwanamume iliipokea ile nduru, nyembamba kwa umbali. Halafu nyingine upande wa kanisa. Halafu milango, mbwa, na miguu.

"Nini hicho?" Janeffer akauliza, ingawa yeye ni wa Bomet na alijua.

Watu walitoka ndani ya ukungu. Hukuwaona wakija, mtu alikuwa hayuko, kisha yuko, na panga mkononi. Wa kwanza alikuwa Johana, anayefuga ng'ombe huko chini, panga lake bado lina napia. Nyuma yake vijana wa kituo cha kupimia chai wenye rungu. Mzee Zacheus wa kanisani, nusu ya uso imenyolewa, nusu ina povu. Mama Rebeccah, ameshika mwiko wenye ugali. Walikuja kutoka kila upande, wakivunja michai, bila kusema kitu. Hapo ndipo nilipoacha kupiga nduru.

Maiti ikaketi.

"Amefufuka!" kijana mmoja akapaza sauti, na Johana akaishika maiti shati.

"Ni mimi! Ni mimi! Kipkemboi wa bodaboda!"

"Nani amekukata?"

"Hakuna! Ni rangi! Ni ya filamu!"

Mama Rebeccah akampiga begani na mwiko. "Damu yote hiyo na bado unaongea!"

"Mama, onja! Ni sharubati!"

Mzee Zacheus aliinama, akagusa shavu la Kipkemboi kwa kidole, akaweka mdomoni. Watu wakangoja.

"Ni tamu," akasema.

Hakuna aliyecheka mara moja. Walikuwa bado wanahema. Duke alisimama katikati ameweka mikono kifuani, akiomba radhi kwa kila mzee na kila mama, akieleza kwamba mimi sikuambiwa, kwamba alitaka mikono ishtuke kweli, kwamba hakudhani nitapiga nduru.

"Huyu hata salamu yake haisikiki," akasema. "Nilidhani atanyamaza."

"Sasa umesikia," Johana akamwambia.

"Lakini wazee, jana mlituona na mashine. Mlijua ni filamu. Mbona mkakimbia hivyo?"

Johana akashusha panga lake. "Nitajuaje hii ni ya picha na ile si ya picha? Nikae chini nikibahatisha, na mtoto wa watu analia?"

"Na ninyi," Mama Rebeccah akaongeza, "kwani hakuna picha ya watu wakicheka? Lazima mtu afe asubuhi asubuhi?"

Ndipo Cucu akafika. Alikuwa ameteremka bila viatu, akichechemea na ule mguu, mkononi ana kifuniko cha sufuria. Kutoka mlangoni kwake alikuwa amesikia nduru yangu, kisha akaona watu wenye mapanga wakiingia kwenye chai yake kutoka ndani ya ukungu. Hakurudi ndani kufunga mlango. Alikuja.

Watu wakampisha. Mama Rebeccah akanishika mkono akanisogeza mbele kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Mama Wachira, yuko mzima. Mguse."

Cucu akanigusa kichwa, shingo, mikono yote miwili. Kisha akawatazama, mmoja mmoja, uso, halafu mkono na kilichokuwamo, halafu uso tena.

"Mmekuja," akasema.

"Tumekuja," Mama Rebeccah akajibu. Kipande cha ugali kikaanguka kutoka kwenye mwiko.

Aliyeita watu bure huwalisha. Hiyo pia ni desturi. Mzee Zacheus alisema ni juu ya Duke, na kwamba wakati wa baba yake ingekuwa kondoo. Cucu akakataa.

"Shamba ni langu. Chai itatoka kwangu. Hawa vijana wakatafute mkate."

Kipkemboi alitumwa Roret na pikipiki yake akiwa bado mwekundu, na tulisikia baadaye jinsi watu walivyomsimamisha kila kona kumuuliza kama amegongwa. Ua wetu ukajaa. Viti havikutosha, walikalia magogo, ndoo, masanduku ya filamu. Povu lilikuwa limemkaukia Mzee Zacheus shavuni na wenzake hawakumwambia mpaka alipomaliza kuombea mkate.

Sikumbuki siku nyingine ambapo ua wetu ulikuwa hivyo bila msiba.

Akeyo hakuwa amezima kamera. Yote yalikuwa yameingia. Aliwaonyesha kwenye kioo kidogo, na watu wakasukumana kujiona. Ilianza na mikono yangu. Nilishangaa, ilionekana ya mtu anayejiamini. Halafu mashina, gambuti, matawi yakifunguka. Halafu ile sauti. Halafu kamera, ikiwa bado chini pale ilipolazwa, ikaona miguu tu, mingi, na ncha za mapanga, zikitoka kwenye weupe.

"Hii siikati," Duke akasema. Alikuwa amesahau kuomba radhi. Uso wake ulikuwa kama wa mtoto. "Hii ndiyo mwanzo. Mnaona? Mtazamaji hajui hawa watu wanakuja kuokoa au wanakuja kuua."

"Mimi na mwiko niue nani?" Mama Rebeccah akasema. "Futa hapo kwangu. Nimejifunga leso ya jikoni."

Watu wakacheka. Cucu alikuwa nyuma yao na birika.

"Hata mimi sikujua," akasema.

Kicheko kikaisha. Alimimina chai katika kikombe cha Johana, akaijaza vizuri, akapita kwa mwingine. Hakuwa amesema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemjibu Duke tu.

Mama Rebeccah alishika kikombe chake kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona akitafuta maneno.

"Siku ile nilisikia, Mama Wachira," akasema. "Wote tulisikia. Baba Rebeccah alitaka kutoka. Mimi ndiye niliyeshika mlango. Nilikuwa na watoto ndani. Nikashika mlango."

Hakuna aliyemsaidia. Mzee Zacheus alitazama chini. Johana alikuwa kijana mdogo wakati ule. Hata yeye alitazama chini.

"Najua ulisikia," Cucu akasema. "Nyumba yako iko hapo."

"Sijapata siku ya kukuambia."

"Umeniambia." Cucu akasimama mbele yake na birika. "Leo nani alishika mlango?"

"Leo hata sikuufunga. Ng'ombe wameingia jikoni, nadhani."

Cucu akaangalia ndani ya kikombe cha Mama Rebeccah. "Hicho kimepoa. Mwaga nikuwekee kingine."

Sitaki kusema kwamba mambo yaliisha hapo. Cucu si mtu wa kukumbatiana. Watu walipoondoka alikagua michai iliyovunjwa, akalalamika juu ya kila tawi, akasema Johana ana miguu ya tembo. Lakini jioni, Mjomba Wachira alipopiga simu kuuliza kama vitu vimefungwa, nilimsikia Cucu akimjibu akiwa jikoni.

"Usilete lori."

Mjomba akaongea kwa muda mrefu.

"Nimekusikia, Wachira. Ulisema nikiita hakuna anayekuja. Leo wamekuja." Akamsikiliza. "Hapana, hakuna aliyeumia. Ilikuwa picha. … Ndiyo, picha. Njoo Jumapili, lakini uje na gari dogo, na unga wa kutosha, kwa sababu Mama Rebeccah atakuwa hapa na watu wake."

Blanketi zilirudi kitandani siku hiyo hiyo.

Duke alinipigia simu wiki chache baadaye. Alisema hawatabandika nduru ya Nairobi. Walimjaribu mwanamke mmoja mwenye sauti kubwa, wakajaribu na Janeffer, ikasikika kama mchezo. Watatumia yangu. Akampa Janeffer simu, na Janeffer akaniuliza, kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake, nilifikiria nini ili itoke vile.

"Niliogopa tu," nikamwambia.

Cucu naye aliniuliza mara moja, tukichuma. Nikamwambia hivyo hivyo. Hata Kipkemboi hajasema kitu, labda kwa kunionea haya, labda kwa sababu anadhani sikumsikia.

Nilimsikia. Baada ya ile nduru ya kwanza alifumba jicho moja, akaninong'oneza kutoka chini ya michai, "Nyathira, ni mimi, nyamaza." Nikaona kwamba ni yeye, nikaona rangi ni rangi, na nikajua hakuna hatari yoyote katika shamba letu. Nikavuta pumzi nikapiga tena. Ile ya kwanza ilikuwa ya hofu. Zile nyingine zote nilikuwa nawaita.